Jani la Isale kwa Wakonyingo

Leodegar hutengeneza meno ya bandia. Ana chumba chake cha kazi mjini Moshi, nyuma ya duka la vitambaa, na humo huwarudishia watu tabasamu ambazo miwa na uzee viliondoka nazo. Ni kazi ya heshima na haina kelele. Lakini ukimkuta Jumamosi mchana, miwani puani, brashi nyembamba mkononi, usidhani anahangaika na gego la mtu. Anampaka zimwi rangi ya kucha.

Ugonjwa huu aliambukizwa na Nikunj, yule wa duka la vipuri. Nikunj alirudi kutoka masomoni Uingereza na sanduku la askari wa plastiki wenye urefu wa kidole gumba, mazimwi watupu. Siku alipomleta baba yake kupimwa meno aliuona mkono wa Leodegar ukifanya kazi, na hapo hapo akarudi mbio dukani kulifuata sanduku. Leodegar naye akagundua kuwa ile plastiki ya pinki ya kutengenezea fizi, ikibaki kidogo tu, inatosha kumtoa askari kamili. Akafinyanga Wakonyingo, wale watu wafupi ambao bibi yake alisema wanaishi juu kabisa mlimani, akawapaka rangi mmoja mmoja, na jeshi lote akampa mdogo wake Fabian. Kindness, muuguzi anayetoka Mwika kama wao, alikuja siku moja kuwacheka watu wazima wanaochezea vidoli. Aliondoka na jeshi la ndege.

Vita vyao haviishi siku moja. Vinapiganwa juu ya ubao wa plaiwudi wenye mlima wa plasta ya meno, na vinapokomea Jumamosi hii ndipo vinapoanzia Jumamosi ijayo, mwaka hadi mwaka. Leodegar hana jeshi. Yeye ni msimamizi: ndiye anayesema mto umefurika, daraja limekatika, dadu iliyoanguka sakafuni haihesabiwi. Sheria kubwa ni moja. Ngome ya mtu ikianguka, ametoka mchezoni, na askari wake wanarudishwa sandukuni, anakabidhiwa aende nao kwao.

Ipo na sheria ya pili, ambayo Leodegar na Fabian waliitunga pamoja wakicheka. Aliyezidiwa anaweza kuweka mezani jani la isale, ule mmea wa kuombea msamaha, na mwenzake hana ruhusa ya kukataa amani. Ndivyo ilivyo huko nyumbani: mtu akikujia na isale mkononi, hata kama alikuchomea nyumba, unasamehe. Walikubaliana jani lazima lichumwe kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha mchezaji mwenyewe. Nikunj, ambaye ukoo wake haujawahi kuwa na kihamba, aliruhusiwa kuchuma kwenye kopo la maua la mama yake. Hakuna aliyewahi kuitumia sheria hiyo. Wote walikuwa na kiburi.

Halafu ikaja Krismasi ile. Leodegar alipanda Mwika na mkewe na watoto kama kila mwaka, akakuta mibuni ya marehemu baba yao imeng'olewa yote, hadi ile iliyokuwa kando ya makaburi. Mahali pake palikuwa na miche ya parachichi. Fabian ni kitinda mimba, nyumba ya baba ni yake kwa mila, na hakuna aliyemnyima. Lakini hakuuliza. Hakupiga hata simu. Mashina ya mibuni yalikuwa yamerundikwa uani, na sufuria ya pilau ya sikukuu ilikuwa inachemka juu ya moto wa kuni hizo.

Leodegar alikula pilau ile. Aliaga kwa adabu, akashuka mjini. Huko alisubiri hasira ije, haikuja. Akasubiri huzuni, nayo haikuja. Ilikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi: unaligusa, unajua ni lako, halikuambii kitu. Kwa wagonjwa wa meno ganzi huisha kabla hawajafika nyumbani. Yake ilikaa miaka miwili.

Fabian alimfuata mjini zaidi ya mara moja. Leodegar akisikia sauti yake kwenye duka la vitambaa alikuwa anafunga mlango kwa ndani na kukaa kimya kama mdaiwa. Alijua vizuri anachofanya. Isale haikataliwi, lakini mtu hawezi kumkabidhi asiyeonekana. Simu hakupokea. Krismasi mkewe alipanda na watoto, yeye akabaki na kazi za watu.

Kitu kimoja tu kilinufaika. Mkono wake, ambao zamani ulikuwa unacheza kidogo kila alipofika kwenye macho ya askari, ulitulia kabisa. Alichora mboni, akachora hata mng'ao ndani ya mboni. Nikunj alimsifu sana. Leodegar alisema asante, akaendelea na mwingine.

Na jeshi la Fabian? Halikuondoka mezani. Mchezaji asipokuwepo msimamizi humchezea, kwa hiyo kila Jumamosi Leodegar aliwasogeza Wakonyingo, akawarushia dadu, akawapigania kwa haki bila kuwapendelea. Kindness alikuwa akimtazama akifanya hivyo.

Mwezi uliopita mazimwi ya Nikunj yaliizingira ngome ya Wakonyingo pande zote. Hata mtoto angeona kwamba Jumamosi ijayo inaanguka.

"Kaka Leo," alisema Kindness wakikusanya vikombe, "ikianguka, sanduku atampelekea nani?"

"Msimamizi ndiye anayekabidhi."

"Basi utampelekea wewe. Na baada ya hapo hamna tena cha kushikana nacho."

Leodegar alisema sheria ni sheria. Lakini wiki ile yote, akisugua meno ya watu, aliliona lile sanduku. Alijaribu kupima kama linamuuma. Hakupata jibu. Alichojua ni kwamba hataki kulifunga, na kwamba msimamizi anayemchezea mtu ana haki ya kumwombea amani. Alhamisi alimwambia Kindness atapanda Mwika kuchuma isale, atashuka saa ile ile, hataonana na mtu.

Ijumaa alipita njia ya nyuma, kando ya mfereji. Miche ya parachichi ilikuwa imemfika kifuani. Isale zilikuwa bado pale kwenye makaburi ya baba na mama, zimestawi, hazikuguswa. Alisimama kidogo, akafanya ishara ya msalaba, akachuma jani moja. Alipogeuka, Fabian alikuwa amesimama njiani na furushi la majani ya ng'ombe kichwani.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," alijibu Leodegar. Neno hilo lilimtoka lenyewe, likiwa la kwanza kwa mdogo wake kwa miaka miwili.

Fabian alitua furushi. Alilitazama jani. Leodegar naye akalitazama, na hapo ndipo alipoelewa namna alivyosimama: kaka mkubwa, aliyekosewa, amekuja mwenyewe hadi kwenye makaburi ya wazazi na isale mkononi. Alifungua mdomo aseme kuwa ni kwa ajili ya mchezo. Kabla hajasema, Fabian alishalipokea kwa mikono miwili, ameinama, na machozi yanamtiririka.

"Nisamehe, kaka," alisema. "Nisamehe kwa mibuni ya mzee. Niliogopa kukuuliza kwa sababu nilijua utakataa."

"Ningekataa," alisema Leodegar.

Waliingia ndani, wakala kiburu cha ndizi na maharage. Leodegar alikula mpaka sahani ikaisha, lakini ukweli ulikuwa umemkaa kooni. Yeye si mwongo. Mlangoni, akiaga, aliutoa.

"Mdogo wangu, lile jani halikuwa lako. Lilikuwa la Nikunj."

"Najua. Kindness alinipigia jana." Fabian alijifuta mikono kwenye suruali. "Yangu yalinyauka nikikungoja nje ya mlango wako. Nikaona ukilishika wewe hapa kwetu nitalipokea, ndiyo yaishe. Nani atasema hukulileta?"

Leodegar alimpa mkono, akaondoka. Alishuka mjini ameketi dirishani mwa basi, akitazama migomba ikipita.

Jumamosi Fabian alifika mwenyewe, na isale mbichi kutoka nyumbani, akaiweka mbele ya mazimwi. Nikunj alilalamika kwamba ushindi wake ulikuwa umeiva, kisha akaondoa jeshi lake kama sheria inavyotaka. Kindness alimimina chai. Fabian alishika Mkonyingo mmoja baada ya mwingine, akahesabu kwa midomo.

"Wapo karibu wote," alisema. "Nani alikuwa anawachezea?"

"Mimi."

"Miaka yote miwili?"

 Leodegar alivuta taa karibu, akachovya brashi, akamshika askari mpya amwekee jicho. Mkono ulicheza. Akajaribu tena, ukacheza zaidi, na rangi nyeusi ikamshuka yule askari shavuni hadi kwenye ndevu.

"Kaka, umemharibu," alisema Fabian.

"Mwache," alisema Leodegar, na sauti yake nayo haikuwa imetulia. "Akauke hivyo hivyo."