Jina Lililoitwa Chuma Kikiwa Chekundu

Nilipokuwa na miaka tisa, kwetu Bigwa kulikuwa na jambo moja lililokatazwa kuliko matusi: kuita jina la mtu wakati chuma ni chekundu. Baba yangu alikuwa mhunzi. Alitengeneza visu kwa springi za magari mabovu, chini ya banda la mabati nyuma ya nyumba, na sharti hilo alilirithi kwa wajomba zake huko milimani pamoja na nyundo na mivukuto. Chuma chekundu kinasikia, walisema. Ukiita jina la mtu kinapochovywa kuzimwa, kinalichukua. Kikitoka kizima, mwenye jina atakuwa na nguvu. Kikipasuka, basi. Bibi, mama yake mama, ambaye tuliishi naye, alikuwa haendelei zaidi ya hiyo "basi". Alirudi kuchambua maharage yake.

Kwa hiyo bandani hatukuwa na majina. Mama aliitwa kwa mluzi, jambo lililomuudhi sana, maana alisema yeye si mbwa. Wateja waliitwa "wewe wa bucha", "wewe wa miundu". Mimi, Skola, niliitwa "we mama". Mdogo wangu Yusta, mwenye miaka minne, hakuitwa chochote kwa sababu alikatazwa kabisa kufika pale.

Mimi niliruhusiwa kuvuta mivukuto ya kupulizia moto. Nilijiona mtu mkubwa. Baba alisema kupiga chuma ni nguvu tu, kazi yenyewe ni kukizima. Alikipasha moto mpaka kiwe na rangi ya papai bivu, akakichovya kwenye kopo la oili chafu ya magari, moshi ukajaa banda zima. Kikitoka hapo ni kigumu lakini kinavunjika kama glasi, hivyo alikisugua king'ae, akakirudisha kwenye joto dogo, taratibu, mpaka kigeuke rangi ya nyasi kavu. Ndipo alipokitafutia mpini. Msuka, ile sehemu nyembamba ya nyuma inayoingia ndani ya mti, aliuchongea tundu lake kwa subira nisiyoiona kwake mahali pengine popote. Mpini ukicheza hata kidogo, aliutupa akaanza upya.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya mlimani imeshuka mpaka kwetu. Mwenye bucha alikuwa amesimama pale anasubiri kisu chake, amekuja mara ya tatu, na maneno yalikuwa yameanza kumtoka. Kisu kilikuwa tayari kwenye moto. Baba akageuka kuchukua kopo la oili, akalikuta limetoboka, oili yote imeishia mchangani. Alisimama kidogo. Kisha akalivuta karibu pipa la maji niliyokuwa nimeyateka kijitoni asubuhi ile.

Wakati huohuo Yusta akatokea upande wa nyuma ya banda, anakimbia kuja kwangu, pekupeku, anacheka. Kati yangu na yeye kulikuwa na makaa ya moto ambayo baba alikuwa ameyakokota nje muda mfupi kabla.

"Yusta!" nilipiga kelele. "Yusta, simama!"

Akasimama. Mguu wake ulikuwa shubiri moja tu kutoka kwenye makaa. Nyuma yangu chuma kikaingia majini, na ndani ya ule mchemko nikasikia sauti ndogo, ta, ya kijiti kikavu kinachovunjika. Baba alikitoa kisu. Kilikuwa na ufa kutoka kwenye makali mpaka karibu na mgongo.

Bibi aliinuka mlangoni mwa nyumba, mikono kichwani. "Umemwita! Skola, umemwita mwenzio!"

Nilimtazama baba. Nilitaka aseme neno lolote, hata anigombeze. Alikigeuza kisu mara mbili, akakichomeka juu ya boriti, akamwambia mwenye bucha aje kesho.

Wiki sita zilipita, Yusta akashikwa na homa. Mama alitaka apelekwe zahanati siku ya kwanza. Bibi akakataa katakata. Alisema hiyo si homa, ni chuma kimekuja kumchukua, na dawa yake ni kuogeshwa asubuhi tatu kwa maji yaliyotumika kuzimia chuma.

"Wale watampiga sindano," alisema. "Sindano si chuma? Mnataka kumwongezea chuma kingine?"

Wote tulimgeukia baba. Alikuwa mhunzi, mambo ya chuma yalikuwa yake.

"Tumalize kwanza hizo siku tatu," alisema.

Maji nilichota mimi, kutoka lile pipa la bandani. Nilijiona nina deni la kumponya, hivyo nilichota kwa bidii, nikihakikisha hata tone halimwagiki. Yalikuwa ya baridi sana na Yusta alilia akinishika shingo nilipommwagia. Siku ya nne baba alimbeba mgongoni, akakimbia naye mpaka zahanati. Muuguzi aliuliza swali moja tu: "Siku zote hizi mlikuwa wapi?" Alasiri hiyo Yusta akafa.

Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Nilijilaumu vya kutosha peke yangu. Shuleni nilipopangiwa kuwa kiranja nilikataa, kwa sababu kiranja husoma majina. Niliolewa Ngerengere, nikazaa watoto watatu, nikawaita wote "wewe", "mwanangu", "njoo hapa". Mkubwa aliwahi kuniuliza kama nimesahau jina lake. Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikakaa chini.

Mwaka jana baba alinipigia simu. Kifua kilikuwa kimemchosha, mama na bibi walikwisha tangulia, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu anayeharakisha. Nilikwenda Bigwa, nikamkuta ameketi bandani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Kaa."

Mapajani alikuwa na kile kisu chenye ufa. Kumbe miaka yote kilikuwa palepale kwenye boriti.

"Springi ya gari haizimwi kwenye maji ya baridi," alisema, bila kunitazama. "Inapasuka. Hata anayejifunza wiki ya kwanza anajua. Na mimi nilijua kabla sijachovya."

Ilinichukua muda kuelewa nilichoambiwa.

"Kwa hiyo si jina?"

"Si jina."

"Na ulijua siku ileile. Mbona hukusema, baba?"

"Niliona aibu. Mtu wa bucha amesimama pale, mhunzi mzima nimeharibu kisu kama mwanafunzi. Bibi yako aliposema ni jina, nikashukuru. Nikajua yatapita. Halafu mtoto akaugua, na lile neno lilikuwa limeshakuwa kubwa. Nikaogopa kulirudisha."

Nilitaka kumpiga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Yule mzee aliyekonda, baba yangu niliyempenda, nilitaka kumpiga na kile kikombe cha chai nilichomletea. Miaka thelathini nimebeba kifo cha mdogo wangu, na yeye alikuwa ananitazama nikikibeba.

Akaniomba niwashe moto. Sijui kwa nini nilikubali. Nilivuta mivukuto na yeye akashika koleo kwa mikono miwili, mpaka kisu kipya alichokuwa amekwisha kukifua kikawa na rangi ya papai. Kopo la oili lilikuwa jipya, limejaa.

"Liite," alisema.

Nilitikisa kichwa, nikaendelea kuvuta mivukuto. Basi akaliita mwenyewe, jina ambalo halikuwahi kutamkwa kwetu tangu mazishi. "Yusta," alisema, polepole, kama mtu anayemwita mtoto aje kula. Akachovya.

Kilitoka kizima, kimenyooka. Alikipitishia ukucha kutoka upande mmoja mpaka mwingine akitafuta ufa, hakuuona, akanipa nami nitafute. Nililia mpaka nikakaa kwenye majivu. Nadhani sehemu ya moyo wangu ilitaka kipasuke. Kingepasuka, ningebaki na kosa la kitoto la kumwita ndugu yangu. Kilipotoka kizima, nilibaki na zile asubuhi tatu, na kopo la maji ya baridi mkononi mwangu.

Baba alitumia siku mbili kukirudisha kwenye joto dogo na kukitia mpini wa mpingo. Alikufa kabla ya masika. Kisu ninacho, nakatia mboga kila siku, na mpini haujacheza hata kidogo. Wanangu sasa nawaita kwa majina yao, kwa sauti kubwa, mpaka jirani amelalamika. Kama nimemsamehe baba, sijui. Kuna siku nadhani ndiyo, kuna siku nakitazama kisu nakosa hata hamu ya kupika.

Ila kitu kimoja nimerudishiwa. Miaka yote nilikumbuka kwamba nilimwita na chuma kikasikia. Chuma hakikusikia chochote. Nilimwita asikanyage moto, na aliyenisikia ni Yusta, akasimama.