Mshenga wa Darasa la Hesabu

Iliki ya maandazi na marashi ya Miss Pearl: harufu hizo zilipokutana ndani ya lifti ya jengo letu pale Scarborough, huku ughaibuni, ulijua kuna mtoto anakwenda kutetewa. Nilipokuwa namaliza darasa la nane, mtoto huyo nilikuwa mimi. Mwalimu alinipangia masomo mepesi ya sekondari, yale yasiyomfikisha mtu chuo kikuu, ingawa hesabu nilikuwa nawafundisha wenzangu. Akamwambia mama eti watoto kama mimi hufurahia zaidi kazi za mikono. Lo! Mama alirudi amewaka hasira, akaapa kesho yake angekwenda kumpasha mwalimu mkuu. Rafiki zake wa jengo lile, ambao kwangu wote walikuwa mama wadogo, wakamkatalia katakata. “Mwenye mtoto haongei, dada,” alisema mama mdogo Rehema. “Tunakwenda kama posa.”

Mshenga akawa Miss Pearl, jirani yetu Mjamaika, aliyesomesha wanawe katika shule hizo hizo na kuzijua mbinu zake zote. Walimfunga kanga ya sare juu ya koti la baridi, naye akatembea nayo kwa maringo. Mimi nilifuata nyuma, natamani ardhi inimeze. Maandazi tulimwachia karani, maana posa haiendi mikono mitupu. Ofisini kulikuwa na kiti kimoja tu cha mgeni. Mwalimu mkuu akauliza mama wa mtoto ni yupi. “Sote,” alijibu Miss Pearl, na wote wakabaki wamesimama. Akaweka alama zangu mezani, akauliza kwa upole, “Mtoto wa kizungu mwenye alama hizi mnampeleka wapi?” Mama aliuma midomo asije akasema neno, mpaka nikamwonea huruma. Hatimaye mwalimu mkuu akachukua kalamu, akabadilisha masomo niliyopangiwa. Vigelegele vilianzia pale pale koridoni, nami nikalia, aibu yote imeniisha.

Leo mimi ni mhandisi wa madaraja. Juzi nilijifunga kanga ya Miss Pearl, Mungu amrehemu, nikaenda kuwa mshenga wa mtoto wa jirani yangu Mkongo, aliyesimamishwa shule kwa ugomvi ambao mwenzake mzungu alisamehewa. Mimi na majirani wenzangu tulipofungua mlango wa ofisi tulikuta viti vimepangwa, vya kututosha sote. Mtoto alirudishwa darasani siku hiyo hiyo. Jioni nikampigia mama kumpa habari, na cha kwanza nilichomweleza ni vile viti. Alicheka mpaka akakohoa.

“Haya, viti wameshajifunza kuweka,” akasema. “Na hilo lingine watajifunza. Nyie msiache kwenda.”