Kicheko Kilichoonekana Mabegani

Mwanangu, kuna mchana mmoja wa Hounslow, hapa London, ambao bado hunijia hata nikiwa nimekaa tu jikoni nikingoja chai ichemke. Huja polepole, kama mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa. Naiona bustani iliyolowa mvua, naziona ndege zikipita chini chini kuelekea uwanja wa ndege, na namwona mzee mmoja Mwingereza ameketi kwenye benchi, anajaribu kuinuka. Ngoja nikueleze ilikotoka picha hiyo, maana umeniambia unaanza kazi ya kutunza wazee, na mimi sina elimu ya vitabu ya kukupa. Nina huyo mzee.

Jina lake lilikuwa Alfred. Nilikuwa msichana bado, sijamaliza mwaka tangu nitoke Voi, nikikaa kwa shangazi yangu Lewisham na kuzunguka nyumba za wazee kuwaogesha na kuwapikia. Ofisi iliyoniajiri ikanituma kwake kwa sababu magoti yalikuwa yamemchosha na mkewe alikuwa amefariki. Sikujua ni nani. Kwetu hatukuwa na televisheni. Nilijua siku nilipotoka naye kwenda sokoni, nimemshika mkono, na muuza matunda akamwona kwa mbali.

"Alfred!" akapaza sauti. "Leo bado hujaanguka?"

"Nimeweka miadi saa nane," akajibu. "Ukichelewa utanikosa."

Watu wakacheka mpaka kwenye meza za samaki. Mimi nikakasirika, nikadhani wanamdhihaki. Nikamwambia, "Twende, Mzee."

"Mzee ni nini?"

"Ni heshima. Ni mtu mkubwa."

"Basi nimepandishwa cheo," akasema, na kuanzia siku hiyo hakuitikia nikimwita Bwana.

Habari zake alinipa kwa vipande, uji ukipoa mbele yake. Alianza ujanani kwenye kumbi za burudani za miji ya pwani ya huku, watu wamekuja likizo na mvua imewafungia ndani, wanataka yeyote awachekeshe. Baadaye televisheni ikamchukua. Kwa miaka mingi alikuwa tarishi wa posta katika mchezo wa kuchekesha, na kila wiki alianguka kwenye lango la nyumba ileile, kila mara kwa namna mpya. Familia nzima zilikaa kumngoja aanguke. Zikafuata filamu, ambamo daima alikuwa yule mtu anayepita nyuma ya wakubwa na kuteleza. Kisha zikaja sura mpya, na simu yake ikanyamaza. Alikuwa na kawaida ya kuinua mkono wa simu asubuhi kusikiliza kama bado inafanya kazi. Aliurudisha taratibu, hasemi kitu.

"Mwili wa kila mtu unaweza kuanguka, Wakesho," aliniambia siku moja. "Siri iko usoni. Mwili utangulie, uso uchelewe kupata habari."

Akanionyesha palepale kitini. Mabega yakaporomoka kidogo, na uso ukabaki juu, umetulia, mtu mwenye heshima zake anayewaza mambo yake, mpaka taratibu macho yakaanza kushuku kwamba kuna jambo limetokea huko chini. Nililazimika kuweka sahani mezani kwa kucheka.

Basi ile simu ikalia. Walikuwa wanatengeneza filamu, na walitaka mzee anayengoja basi, anayeanguka mbele ya benchi. Akawajibu kwamba anaweza. Alipoiweka simu alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu bila kuambiwa. Akaanza kufanya mazoezi chumbani, godoro likiwa sakafuni, na asubuhi moja nilimkuta amelala juu ya godoro lile akitazama dari, hawezi kuinuka, na hajui amekaa hapo muda gani.

Nilimwinua. Nikamvalisha soksi. Ndipo akasema, bila kunitazama, "Wale wa filamu wakikuuliza, sema niko sawa."

"Mzee, sitasema hivyo."

"Nani anakulipa wewe?"

"Ofisi."

"Ofisi haijui kuchekesha."

"Na wewe ukivunjika nyonga hutachekesha tena."

Akaitazama simu. Mwanangu, ujue alichokuwa anakishikilia. Hakuwa anatafuta fedha wala jina, jina alikuwa nalo tele pale sokoni. Alitaka kufa akiwa mwigizaji, siyo akiwa mtu aliyewahi kuigiza. Kazi ile ikimponyoka, hakuna nyingine iliyokuwa njiani. Nami nililijua hilo huku namfunga kamba za viatu.

"Haya," akasema mwishoni. "Nitawaambia mwenyewe."

Tulipofika kwenye bustani ile ya Hounslow walikuwa wengi kuliko nilivyodhani, wenye taa, wenye nyaya, wenye poda za kupaka uso. Mwongozaji wa filamu alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu. Alimshika Alfred mikono yote miwili, akamwambia kwamba alikuwa akimtazama utotoni, amekaa miguuni pa bibi yake. Alfred akamwacha amalize, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kijana, siwezi kuanguka. Magoti yangu yamekufa kabla yangu."

Wote wakacheka.

"Sitanii. Nikienda chini sirudi."

Wakacheka zaidi. Dada wa poda alijifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Walikuwa watu wazuri, mwanangu, hawakuwa na ubaya wowote. Ila huyu alikuwa amewachekesha tangu wakiwa wadogo, na masikio yao hayakuwa na mahali pengine pa kuweka maneno yake. Nilimtazama. Safari hii uso wake ndio uliopata habari kabla ya mwili. Aliwatazama mmoja mmoja, akatabasamu vile walivyotaka atabasamu, akaniachia mkono, akaanza kutembea kuelekea pale mbele ya benchi. Nikaelewa kwamba anakwenda kuanguka, kwa sababu amesema kweli na haikupokelewa.

Nilikimbia nikasimama mbele yake.

"Anasema kweli," nikasema. "Hawezi. Alianguka nyumbani nikamwinua mimi. Hawezi kazi hii tena."

Hakuna aliyecheka. Ndege ikapita juu yetu, ikachukua muda wake kupita. Yule kijana akavua kofia. Mtu mmoja akaleta kiti, kama anavyoletewa mgonjwa, na mwongozaji akaanza kusema kwa upole kwamba wapo watu wa kuanguka kwa niaba yake, wamevaa nguo kama zake, asiwe na wasiwasi. Sauti zote zilikuwa zimeshuka. Nilishaisikia sauti ile kwetu, kwenye nyumba zenye msiba.

Alfred hakukikalia kile kiti. Alisimama akilitazama benchi muda mrefu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Mzee wa filamu yako anaanguka mbele ya benchi," akamwambia kijana. "Kwa nini asiinuke kwenye benchi? Kwa umri wangu, hapo ndipo penye kichekesho."

Akaketi. Wakaanza kupiga picha, bila kuamini sana, nadhani kwa heshima tu. Basi inakuja, mzee anataka kuinuka. Mwili ukapanda kidogo, ukarudi. Uso ulikuwa tayari umeshapanda basi, umetulia, unatafuta kiti cha dirishani. Kisha ukatazama chini ukaukuta mwili bado uko kwenye benchi. Akajaribu tena kwa adabu, kama anayembembeleza mtoto wa watu. Katikati ya kuinuka ndege ikaja, na kwa kuwa sauti ilikuwa inaharibika ilibidi kila kitu kingoje. Yeye hakurudi chini. Alibaki hapohapo nusu njia, amekazana, akaitazama ndege ile ikipita kana kwamba imekuja kumtembelea.

Mahali pa kurekodia huwezi kucheka kwa sauti, utaharibu kazi. Basi wote walikuwa wamejiziba midomo kwa mikono ya makoti yao, na kicheko kikawa kinaonekana mabegani. Mabega ya mwenye nyaya, ya dada wa poda, ya mwongozaji mwenyewe. Alfred alikuwa amezoea kukisikia kicheko. Siku hiyo alikiona, na nilimwona akikiona.

Kwenye treni ya kurudi nilikuwa nangoja shukrani. Alizitoa.

"Umeniokolea nyonga, Wakesho. Asante. Sasa nitakugombeza."

"Nigombeze, Mzee."

"Ulisema hawezi, halafu ukanyamaza. Uliniacha nimesimama pale na neno hilo peke yake, watu wakavua kofia. Nilikuwa hai bado! Ungeongeza swali moja tu: Alfred, unaweza nini? Leo nimejiuliza mwenyewe na jibu likaja. Mzee mwingine halitamjia. Atakaa kwenye kiti walichomletea, na hatainuka tena."

Nikageuka dirishani. Nyumba zilikuwa zinapita, nguo zimeanikwa nyuma ya kila nyumba.

"Na usilie," akasema. "Abiria watadhani nimepoteza kipaji."

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata, filamu haijatoka. Kanisani tulikuwa wachache. Filamu ilipotoka nilikwenda kuiona peke yangu, na alipojaribu kuinuka pale kwenye benchi ukumbi mzima ulicheka, safari hii kwa sauti zote. Mimi sikucheka wala sikulia. Nilikaa tu nikiwasikiliza kwa niaba yake. Mpaka leo sijui kuomboleza kwa namna nyingine.

Sasa hili ndilo ninalokuachia. Utawatunza watu ambao jana walikuwa walimu, mafundi, madereva, wapishi wa harusi. Itafika siku itabidi useme kwamba fulani hawezi tena, na useme, usifiche, maana kunyamaza kutawavunja. Ila usiishie hapo. Kabla watu hawajashusha sauti, kabla hawajaleta kiti, mgeukie yeye mwenyewe, siyo binti yake wala daktari, umuulize anaweza nini, kisha ungoje. Jibu la mzee huchelewa njiani. Wengi huondoka kabla halijafika.

Na mtu akuchekeshaye, mwanangu, akikuambia ameumia, mwamini mara ya kwanza.

Mungu akupe mikono isiyochoka na moyo usio na haraka. Wazee watakaopita mikononi mwako wasiage kazi zao kabla ya wakati. Na siku nguvu zitakapokupungua wewe nawe, akuwekee karibu mtu wa kukuuliza swali hilo, mwenye subira ya kulingoja jibu lako. Amina.