Zamu ya Kuchekesha

Simu ya kunieleza kwamba mwenzangu amefariki niliijibu kwa ugomvi. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanidhania mtu mwema.

Nilikuwa shambani kwangu Tlawi, nimeinamia vitunguu saumu, mgongo unaniuma, simu ikaita. Alikuwa mkewe. Akasema, "Shemeji, mwenzako ametutoka asubuhi hii," nami nikajua papo hapo kwamba ni mchezo. Mwaka uliotangulia nilipigiwa simu ya namna hiyo hiyo, kwamba yuko hoi, niende Gendabi haraka. Nikaacha ngano yangu haijavunwa, nikafika na uso wa huzuni, nikamkuta anachuna mbuzi huku anapiga mluzi. Alisema alikuwa amenikumbuka, na angeniambia ukweli nisingekuja. Hapo hakukosea.

Basi nikapandisha sauti. "Mpe simu. Mwambie safari hii siji ng'o."

Nikasikia ng'ombe wanalia nyuma yake.

"Shemeji," akasema, "hawezi kushika simu."

Nikakaa chini, juu ya vitunguu vyangu mwenyewe.

Mwenzangu alikuwa amerudi kutoka kuogesha ng'ombe joshoni, akaketi kwenye kigoda, akaomba chai. Chai ilipoletwa alikuwa ameegemea ukuta kama mtu anayesinzia. Hakuwa mgonjwa. Siku mbili kabla yake alikuwa amenipigia kunitukania babu yangu, kama kawaida, na sauti yake ilikuwa na afya kuliko yangu.

Babu yangu anaingia hapa kwa sababu mimi ni mtu wa milimani Mbulu, mkulima, na yeye alikuwa mfugaji wa bondeni Hanang. Zamani babu zetu waliibiana ng'ombe. Jeshini, tulipokutana tukiwa makuruta, wenzetu waliona sote tumetoka upande mmoja wa nchi wakatulaza vitanda jirani, wakidhani wametufanyia hisani. Usiku wa kwanza tu akaniuliza kama ng'ombe wa babu yake walifika salama. Nikamjibu kwamba walikuwa wamekonda mno, babu yangu alijuta. Tangu hapo hatukuachana, ingawa mimi niligomba miaka yote.

Watu walimpenda bila yeye kufanya jitihada yoyote. Mfugaji wa kwao akisimama muda mrefu, hukunja mguu mmoja na kuukanyagisha kwenye goti la mwingine, fimbo ikimshikilia. Siku moja mchana mkufunzi alimkuta lindoni getini amesimama hivyo, ameegemea bunduki. Akamuuliza mguu wa pili uko wapi. Akajibu, "Uko akiba, afande." Kikosi kizima tulicheka, na kikosi kizima tulikimbizwa uwanjani bunduki juu ya kichwa hadi jua likaelekea magharibi. Hakuna aliyemchukia. Ni mimi peke yangu niliyekasirika, nikasema, "Haya, endeleeni, mimi nimenyamaza," kisha nikaendelea kugomba hadi chakula cha jioni.

Maneno yale aliyaokota siku ile na hakuyatua tena. Ni kweli huyasema ninapokasirika, na ni kweli kwamba nikishayasema ndipo huanza kuongea.

Sasa nieleze makubaliano yetu, maana ndiyo yaliyonitesa. Tulipokuwa na miaka michache jeshini tulipelekwa kumzika askari mwenzetu huko mikoa ya mashariki, sisi wawili tukiwa miongoni mwa wabebaji wa jeneza. Huko kwao wana watani wa msibani. Mama mmoja mnene alitokea amevaa koti la marehemu na viatu vyake, akawa anatembea kama marehemu na kukohoa kama marehemu, akawauliza waombolezaji nani amewapa ruhusa ya kula wali wake. Tulipofika kaburini akaketi ukingoni, miguu ndani, akasema haondoki mpaka aombwe vizuri. Wafiwa walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Kwetu milimani msibani watu huketi kimya, na kwao bondeni ni vivyo hivyo. Mimi niliona aibu nikatazama viatu vyangu. Yeye hakubandua macho.

Tukiwa kwenye lori la kurudi kambini akaniambia kwamba mimi na yeye tunataniana kuliko wale, kwa hiyo atakayetangulia, mwingine aende akawachekeshe watu wake. Nikampa mkono. Nilikubali upesi kwa sababu moja tu: nilijua nitatangulia mimi. Mtu mwenye hasira kama zangu haishi sana. Sikuwahi kufikiria kwamba zamu ingekuwa yangu.

Yeye alijiandaa. Baada ya kustaafu, kila alipokuja Tlawi alifanya mazoezi ya msiba wangu sebuleni kwangu, mimi nikiwa nimeketi pale pale. Aliingia kwa mlango kama ninavyoingia, akatafuta jembe ambalo mtu amelihamisha, akasema nani amegusa, akasema yeye si mtoto mdogo, akamaliza na "mimi nimenyamaza," kisha akabwata robo saa. Mke wangu alicheka mpaka akaweka birika chini. Kila mwaka aliongeza kipande kipya. Mimi sikujiandaa hata kidogo.

Na kulikuwa na ng'ombe wake. Aliporudi Gendabi na kiinua mgongo chake alijenga zizi, akawapa ng'ombe vyeo. Jike kubwa lenye pembe iliyopinda lilikuwa Sajini Meja. Fahali alimwita Mpishi, kwa kuwa alinenepa na hakuna aliyewahi kumwona akifanya kazi. Kila asubuhi alisimama langoni mwa zizi, akavuta pumzi, akapiga kelele: "Kikosiii! Mguu sawa! Mbele, tembeaaa!" Sajini Meja akatoka, wengine wakafuata mmoja mmoja. Watu walitoka hadi Katesh kuja kuangalia.

Ila alifanya kosa ambalo askari mfugaji peke yake angeweza kulifanya. Aliwazoesha sauti yake tu. Mkewe akiita, ng'ombe wanatafuna. Mdogo wake akiita, wanamtazama. Kwa hiyo alipokuwa safarini ilibidi awatoe kwa simu. Alipolala kwangu, saa kumi na mbili asubuhi mkewe alipiga kutoka Gendabi, akaweka sauti kubwa, akainua simu juu ya lango, na huku Tlawi mwenzangu alisimama ukumbini kwangu na shuka kiunoni akaamrisha ng'ombe waliokuwa nyuma ya milima. Mara ya kwanza jirani yangu alikuja na rungu.

Basi asubuhi iliyofuata nikapanda gari hadi Dongobesh, nikabadilisha, nikateremka kuelekea Hanang. Njia nzima nilitunga mizaha. Nilikuwa nainong'ona ili nisiisahau, na mama aliyeketi pembeni yangu akaanza kusali. Nilipoirudia yote hadi mwisho niliona hakuna mzaha hata mmoja unaochekesha. Yote ilikuwa malalamiko.

Gendabi nilikuta watu wengi, majirani wafugaji na majirani wakulima. Wazee wamejifunga lubega, wamekaa na fimbo zao, na mwalimu wa dini wa kijiji ameshika kitabu. Nikatoa shikamoo kwa kila mzee, maana hilo haliachwi hata kama umekuja kutania. Mama wa marehemu, ambaye macho yake hayaoni tena vizuri, alinipokea mkono akasema marahaba mwanangu, akaendelea kuushika.

Nilijaribu mara ya kwanza palepale chini ya turubai. Nikasimama nikasema kwa sauti kwamba huyu hajafa, anakwepa zamu, tumwinue tumpe adhabu. Mzee mmoja akanitazama kwa huruma akauliza kama nimekula. Nikaletewa ugali.

Mara ya pili ilikuwa makaburini. Nilimkumbuka yule mama mnene, nikajitoma katikati ya watu, nikaketi ukingoni mwa kaburi, miguu ndani, nikasema siondoki mpaka niombwe vizuri. Kabla sijamaliza, wanaume wawili wenye nguvu walinikamata kwapani. Mwingine akanimwagia maji kichwani. Wanawake wakaanza kulia upya kwa ajili yangu, na mwalimu wa dini akakatisha somo ili aniombee. Nilikwenda kuchekesha, nikaishia kubembelezwa. Nikakalishwa kwenye kiti, nimelowa, shuka begani, na kila aliyepita akaniambia pole. Akazikwa hivyo hivyo bila mtu kutabasamu.

Nilimkasirikia sana jioni ile. Nilimkasirikia kwa kufa bila kuugua, bila kunipa hata wiki moja ya kujiandaa. Na nilimkasirikia kwa jambo jingine ambalo niliona aibu kulitamka: aliondoka na msiba wangu. Mazoezi ya miaka yote ile, na hakuna mwingine anayejua kuniigiza. Siku yangu ikifika nitazikwa kimya na watu watakaosema nilikuwa mtu mpole. Nilimlilia kwa hilo kama vile nilivyomlilia kwa mengine yote.

Asubuhi nikatoka nje nikakuta watu wamekusanyika zizini. Tangu afe bwana wao, ng'ombe hawakuwa wametoka. Walikuwa wakiletewa mabua na maji kwa ndoo, na kila mtu alikuwa amejaribu kuwaita kwa adabu na bila adabu. Walisimama wamelielekea lango, Sajini Meja mbele, wanasubiri. Shemeji alikuwa hapo. Nikamwona akitoa simu kwenye mkunjo wa kanga, akaiinua nusu, kisha akakumbuka kwamba hakuna wa kumpigia. Akabaki ameishika.

Sikuwaza. Ningewaza nisingefanya. Nikachukua fimbo ya yule mzee aliyeniulizia chakula, nikaenda langoni, nikakunja mguu mmoja nikaukanyagisha kwenye goti la mwingine, na kwa kuwa mimi ni mkulima nikayumba kidogo. Nikavuta pumzi. Nilikuwa nimeisikia sauti ile kutoka kitanda jirani, kisha kutoka ukumbini kwangu. Nikaitoa jinsi ilivyokuwa, na mwisho wake nikauvuta kama alivyouvuta.

"Kikosiii! Mguu sawa! Mbele, tembeaaa!"

Sajini Meja akainua kichwa. Akatazama fimbo, akatazama mguu, nadhani alijua kabisa kwamba si yeye. Kisha akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, na Mpishi akawa wa mwisho, kama siku zote, akajikuna kwanza kwenye nguzo.

Nyuma yangu nikasikia kicheko. Alikuwa mama wa marehemu, ameketi kwenye kigoda cha mwanawe. "Leo amechelewa kuamka," akasema, kisha akacheka tena huku machozi yanamtoka, na kicheko kikawashika wazee, kikamshika mdogo wake, kikamshika hadi mwalimu wa dini ambaye aligeukia upande wa pili. Shemeji alicheka akiwa ameziba mdomo kwa kanga, kisha akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu niwasili. Mimi mguu mmoja ulinishinda nikaanguka langoni, nikakasirika, na hapo wakacheka zaidi.

Nilirudi Tlawi siku ya nne. Asubuhi ya tano, saa kumi na mbili kamili, simu ikaita. Sikuuliza. Nikasimama ukumbini na shuka kiunoni, nikawatoa ng'ombe wa Gendabi. Tangu hapo ndiyo kazi yangu, nami si mfugaji, na wajukuu wa wezi wa ng'ombe hawakupaswa kufikia hapa. Mdogo wake anajifunza sauti ile, lakini Sajini Meja bado hajaridhika naye.

Wiki iliyopita homa ilinikamata nikalala hadi jua likapanda. Nilipoamka nikakuta nimepigiwa mara tisa. Nikampigia shemeji nikiwa tayari na udhuru, na kabla hajanisalimu nikaanza kueleza kwamba mimi nimelala na homa, kwamba mtu hawezi kuugua akapumzika nchi hii, kwamba ng'ombe wenyewe si wangu.

Shemeji aliniacha nimalize. Kisha ikaja sauti nzito ya mkulima aliyekerwa, ikauliza nani amegusa jembe. Ikasema yeye si mtoto mdogo. Ilikuwa sauti ya shemeji lakini aliyekuwa anaongea nilikuwa mimi, hata namna ninavyovuta kamasi kabla ya neno. Nyuma yake nikamsikia mama mkwe wake akidakia kwamba hapo pa jembe anaharakisha, marehemu alikuwa anazunguka kulitafuta kwanza, na mdogo wa marehemu akasema hapana, kwanza ni mlango. Wote walikuwa wanaujua msiba wangu, toka mwanzo hadi mwisho. Mwenzangu alikuwa akiufanyia mazoezi kwake pia, miaka yote ile, kabla ya kuja kwangu.

"Haya, endeleeni," shemeji akasema, "mimi nimenyamaza."

Nyumba nzima ya Gendabi ikacheka. Nilishika simu nikatafuta la kugomba, na safari hii nilinyamaza kweli.