Fundi Atakua na Roketi Iliyokataa Kushuka

Ukimpeleka mtoto wako kushonewa sare kwa Fundi Atakua, jiandae kumtafuta humo ndani ya nguo. Mikono ya shati itamfunika vidole, kola itamfika masikioni, na sketi itamzunguka kama pazia. Ukilalamika, fundi atakutazama kwa juu ya miwani, pini zimebanwa mdomoni, akujibu neno moja tu: atakua. Na kweli mtoto atakua. Ila kabla hajakua atakuwa ameshakanyaga pindo na kwenda chini mbele ya shule nzima, na hilo fundi halimhusu.

Jina la Atakua lilimganda hivyo, mpaka mwenye nyumba aliyempangisha chumba cha kushonea akasahau lile alilopewa na wazazi wake. Mwenyewe hakuona vibaya. Alikuwa na sababu, na si ya kuchekesha. Alipokuwa msichana alikuwa na sare moja, ikambana kifuani, ikampasukia kwapani, na kwao hapakuwa na ya pili. Akakaa nyumbani wiki ile, kisha mwezi ule, kisha basi, shule ikawa imeisha. Siku aliyoshika cherehani yake mwenyewe aliapa kwamba hakuna mtoto atakayerudishwa nyumbani na nguo iliyotoka mkononi mwake.

Kiapo kizuri. Tatizo ni kwamba hakukiachia watoto peke yao. Aliwaongezea nafasi wazee ambao walikuwa wanazidi kusinyaa. Aliongezea foronya, na mto ukawa unalala upande mmoja kama mtu aliyenuna. Bintiye wa pekee alipoolewa alimshonea gauni lenye nafasi ya mimba, na kwa jinsi lilivyokuwa, mimba yenyewe ingekuwa ya mapacha. Bintiye alisimama mbele ya wageni akiwa amebanwa mgongoni kwa pini, anatabasamu bila kuvuta pumzi, na kila picha ya siku ile inaonyesha mtu anayesubiri kuchomwa.

Huyo bintiye ndiye Daktari, daktari wa meno, mtu wa vipimo vya unywele. Alikuwa akisema, "Mama, mimi nikiziba jino la mtu nikaacha nafasi, mtu huyo halali." Mama yake humjibu kwamba meno hayanenepi. Wamebishana hivyo miaka nenda rudi, na wangeendelea kwa amani kama mjukuu asingejiunga na klabu ya roketi.

Mjukuu alikuwa msichana wa kidato cha tatu, nahodha wa timu ya shule yake. Roketi zao ni za mrija wa karatasi ngumu, urefu wa mtoto anayeanza kutembea, na injini ndogo ya baruti chini yake. Mashindano yalikuwa ya roketi kubeba yai bichi, kupanda nalo, kufungua parachuti, na kushuka chini kwa muda wa dakika moja hivi, yai likiwa zima. Wenzake walitaka kununua parachuti dukani. Mjukuu akagoma. Akasema bibi yake ndiye atakayeshona, na kama hawataki, watafute nahodha mwingine.

Daktari aliposikia alishika kichwa. Alikwenda chumba cha kushonea, akasimama mlangoni, akasema moja kwa moja.

"Mama, mtoto amejitoa mhanga kwa ajili yako. Mshonee kama alivyokuandikia, usizidishe hata uzi. Ukimwaibisha, cherehani tunaifunika. Unahamia kwangu, unapumzika."

Kupumzika. Fundi Atakua aliwahi kuwaona waliopumzika, wamewekwa sebuleni kama vyombo vya wageni, wanaulizwa kama wameshakunywa dawa. Lakini aliyosema bintiye yalikuwa ya kweli.

"Sawa," akasema. "Nikizidisha, uje uifunike mwenyewe."

Na nia alikuwa nayo, wallahi. Alichukua kitambaa cha bitana kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, chepesi, laini, rangi ya zambarau. Kipimo kilisema parachuti iwe na upana wa sinia. Akaweka chaki kwenye upana wa sinia. Kisha mkono ukaanza kazi yake ya siku zote. Akafikiria injini, kwamba mwakani huenda wakaweka kubwa zaidi. Akafikiria yai, kwamba mayai hayalingani. Chaki ikasogea kidogo, ikasogea tena, na mkasi ukaifuata. Alipoinua kichwa, alikuwa ameshona parachuti yenye upana wa shuka la kitanda cha watu wawili.

Hapo mtu mwingine angeanza upya. Yeye aliipiga pasi, akaikunja, akaikunja tena, akaisokota, akaishindilia ndani ya mrija kwa kile kijiti cha kugeuzia mikanda ya nguo. Wanafunzi walipouliza mbona mrija umeshiba hivyo, akawaambia ni mikunjo. Mjukuu angeweza kushtuka, maana wakati huo mikono ya shati lake mwenyewe ilikuwa imekunjwa mpaka imekuwa minene kama bandeji. Lakini alimwamini bibi yake, na roketi ikafungwa.

Siku ya kurusha, klabu ilikutana kwenye uwanja wa zamani wa ndege ndogo, nje kidogo ya mji. Jua lilikuwa kali, na lami iliyochakaa ilikuwa inatoa joto kama jiko. Timu zilipanga roketi zao juu ya meza. Aliyekuwa na kipaza sauti ni mshereheshaji wa harusi, kwa sababu klabu haikumpata mwingine, na kila roketi aliitambulisha kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Msimamizi wa usalama alikuwa zimamoto mstaafu. Yeye alikuwa na bendera nyekundu na sheria moja: roketi ikiwa angani bendera iko juu, na bendera ikiwa juu hakuna roketi nyingine inayoondoka.

Daktari naye alikuja. Kwa amani ya nyumba alivaa gauni aliloshonewa na mama yake, la kitenge, amelibana kwa mkanda kiunoni na pini mgongoni, akakaa kwenye kiti chini ya mlingoti wa kipaza sauti. Aliketi tu kama mkaguzi.

Wakahesabu kurudi nyuma, mjukuu akabonyeza, roketi ikapaa ikiacha moshi. Juu kabisa pua ikachomoka, na kile kitambaa kikaanza kutoka. Kikatoka, kikatoka, kikazidi kutoka, watu wakafikiri kimekwisha kumbe ndiyo kwanza. Kikajaa upepo, zambarau tupu, kikubwa kuliko roketi zote za siku ile zikiwekwa pamoja. Uwanja mzima ulisema aaah. Fundi Atakua alijisikia mrefu. Katika maisha yake yote hakuwahi kushona kitu kikakaa vizuri namna ile.

Kisha dakika ikapita, na roketi ilikuwa palepale.

Ikapita nyingine. Joto la lami lilikuwa linapanda, linaisukuma parachuti kwa chini, na roketi ikawa badala ya kushuka inapanda taratibu kama mtu aliyeitwa juu. Mjukuu alikuja polepole, akasimama kando ya bibi yake. Wote wawili walikuwa wanaangalia mbinguni.

"Bibi, uliongeza?"

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Nafasi ya kukua tu, mke mwenzangu."

Mjukuu alikunja tena mkono wa shati uliokuwa umefunguka. "Bibi," akasema, "roketi haikui."

Alisema kwa upole, na upole ndio uliomkata bibi maini. Angegombezwa angejitetea, maneno anayo ya kutosha. Sasa aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka kuingia chini ya meza. Alitupa jicho kwenye mlingoti. Daktari hakuwa anaangalia roketi. Alikuwa anamwangalia yeye.

Kwa upande wa klabu, mambo yalikwama. Zimamoto mstaafu alikuwa ameinua bendera, na sheria ni sheria. Timu nyingine zote zilikaa na roketi zao mapajani kama abiria wenye mizigo. Mkono wa zimamoto ukaanza kutetemeka, akakataa kuushusha, akakataa pia kumpa mtu mwingine bendera, kwa sababu jina lililosajiliwa ni lake. Ikabidi wanafunzi wapokezane kumshikilia kiwiko. Mwamuzi wa saa alibanwa na haja, lakini kanuni ilimtaka asiondoe macho kwenye roketi mpaka itue, kwa hiyo alipelekwa chooni akitembea kinyumenyume, uso juu, ameshikwa mkono, na choo chenyewe kwa bahati hakikuwa na paa.

Mshereheshaji aliendelea kutangaza kwamba roketi bado ipo angani. Alipoishiwa, akaanza kuwashukuru wazazi wa pande zote mbili. Alipoishiwa tena, akasimulia jinsi mchumba wake wa kwanza alivyomkimbia, na watu walimsikiliza kwa makini kuliko walivyosikiliza kitu chochote siku ile. Kamati ikakaa kikao cha dharura chini ya turubai. Hoja ilikuwa kama roketi ikivuka uzio inabaki kuwa ya klabu au inakuwa ya mwenye shamba. Mjumbe mmoja alipendekeza waahirishe mashindano. Mwingine akauliza wataahirishaje wakati mshindani mmoja bado anaendelea kushindana. Wakaagiza chai.

Mwishowe wingu likaja. Jua likafunikwa, lami ikapoa, na parachuti ikalegea. Roketi ikaanza kuja chini, ikiyumba huku na kule, watu wote wanaifuata kwa macho. Ilikuja moja kwa moja kwenye mlingoti wa kipaza sauti, kitambaa kikanasa kwenye ncha, na roketi ikabaki inaning'inia kwa kamba juu ya kiti cha Daktari. Mshono wa bibi ulishika imara. Fundo walilofunga wanafunzi ndilo lililoanza kuteleza.

"Yai," mjukuu akasema.

Daktari aliinuka. Akatazama juu, akapiga hesabu zake, halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. Akafungua mkanda. Akapeleka mikono mgongoni akachomoa pini moja moja, akazitia mdomoni kama afanyavyo mama yake. Gauni likamwachia, likateremka, likaenea. Akashika pindo kwa mikono miwili, akalitanua mpaka kitenge kikawa uwanja mdogo mbele yake, na bado sketi ilimfunika magoti. Fundo likaachia. Roketi ikaanguka, ikatua katikati ya gauni, kikasikika kitambaa kinachanika. Daktari hakutikisika.

Bendera ikashuka, zimamoto akashuka nayo. Wakafungua mrija. Yai lilikuwa zima, na kwa kukaa juani lilikuwa la moto kidogo.

Timu nyingine ziliporusha zao, timu ya mjukuu ikawa ya mwisho. Kwa upande wa yai walipewa alama zote, lakini kwa upande wa muda mwamuzi alisema hakuna hesabu ya kupunguza alama inayofika huko, akaweka mstari tu. Wenzake walimnunia mjukuu mpaka kwenye lango, halafu mmoja akakumbuka mwamuzi alivyokwenda chooni, na wote wakashindwa kujizuia.

Waliporudi mjini, Fundi Atakua hakungoja kukumbushwa. Alifungua chumba cha kushonea, akawasha taa, akamwonyesha bintiye kabati.

"Kifuniko kiko chini, upande wa kulia," akasema. "Nilikubali mwenyewe."

Daktari alivuta kifuniko, akakitupia juu ya cherehani. Kikafunika cherehani. Kikafunika meza yake, kikafunika kiti, kikamwagika sakafuni mpaka kwenye kizingiti. Daktari akabaki ameshika ncha yake.

"Mama, hiki ni cha cherehani hii?"

"Ndicho."

"Mbona kinaweza kufunika gari?"

Fundi Atakua aliangalia sakafu. "Nilikishona siku niliyoinunua. Hii nilichukua ndogo kwa kuanzia. Nilijua baadaye nitapata kubwa."

Mjukuu, aliyekuwa mlangoni na yai lake mkononi, aliangalia pembeni. Kisha Daktari akakivuta kifuniko, akakikunja, akakikunja tena, akakirudisha kabatini, na kabati likakataa kufunga mpaka alipolisukuma kwa goti.

"Gauni limechanika," akasema. Akaja akasimama mbele ya mama yake, akainua mikono pembeni. "Nishonee lingine. Lakini safari hii unipime vizuri. Linikae mwilini."

"Likukae," mama yake akasema haraka. "Sawasawa na mwili, hata uzi sizidishi."

Akachukua utepe shingoni, akauzungusha kiunoni kwa bintiye, akaukaza. Akainama kusoma. Na wakati anasoma, bila hata kujua, akaingiza vidole viwili kati ya utepe na mwili.

Daktari aliviona. Akavuta pumzi polepole, akajaza tumbo mpaka vidole vikabanwa, akaiacha nafasi ile isomwe kama mwili wake.