Kikohozi cha Darasa la Nne

Watu walimwita Mwalimu Kifua, na kifua chenyewe hakikuwa na ugonjwa wowote. Hilo alilijua yeye peke yake, na mumewe kidogo, maana mtu mnayelala chumba kimoja humfichi kitu. Usiku kucha mke hakohoi hata mara moja. Asubuhi akitia mguu shuleni, kikohozi kinaanza. Mume akiuliza anaambiwa ni vumbi la chaki. Haya, vumbi la chaki.

Ukweli ni kwamba Mwalimu Kifua alifundisha hesabu na Kiingereza darasa la nne na alikuwa anaviogopa vihusishi, vile vijineno vidogo vinavyokaa nyuma ya kitenzi. Sisi kitenzi chetu kinajibebea mzigo wake: ukisema nimemwandikia, nimemkimbilia, umemaliza, hakuna cha kutafuta pembeni. Kiingereza hakina huruma hiyo. Kungoja kunataka kijineno chake, kusikiliza chake, kutegemea chake, na ukiuliza kwa nini unaambiwa ndivyo kilivyo. Utasema angekariri. Jamani, alikariri mpaka akachoka. Akiwa jikoni anavijua vyote. Akisimama mbele ya watu vinatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Uoga huo aliutoa chuoni. Siku moja walimsimamisha ukumbini amkaribishe mgeni kwa Kiingereza, akachomeka kijineno kisichotakiwa, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mgeni mwenyewe akacheka. Aliketi kabla hajamaliza. Tangu hapo, kila akifika kwenye nafasi ile ya nyuma ya kitenzi, koo linambana. Mara ya kwanza alikohoa kweli. Akashangaa kuona hakuna aliyecheka; mmoja alimpa pole, mwingine maji. Kumbe dawa ndiyo hiyo.

Basi akaishika. "I am waiting," atasema, sauti imenyooka, kisha mkono mdomoni, khhm, kisha "my father," na sentensi imevuka salama. Madaftari aliyasahihisha kwa kitabu cha majibu, huko hakuwa na wasiwasi. Lakini Kiingereza cha mdomo kilikuwa cha kukohoa. Miaka ikaenda. Wenzake wakamletea tangawizi, mwalimu mkuu akahangaika kumtafutia chaki isiyotoa vumbi, na yeye akapokea vyote kwa shukrani, huku moyoni anajua kuwa siku za mwizi ni arobaini.

Zikafika. Mwalimu mkuu aliwakusanya akawaambia mkaguzi anakuja kesho, atakaa ndani ya kila kipindi cha Kiingereza, na mwalimu atakayeonekana hakiwezi ataondolewa shuleni, hakuna cha kubembelezana. Wengine walinung'unika wakaenda zao kunywa chai. Mwalimu Kifua alibaki kwenye kiti, kijasho chembamba kikimtoka. Mumewe alikuwa seremala, na msumeno ulikuwa umemjeruhi mkono vibaya. Benchi lake limelala uani na nyumba nzima inamtazama yeye. Akiondolewa, watashika wapi? Usiku alijigeuza kitandani huku na huku, akivitaja vijineno chini ya shuka kimoja kimoja, na kila akirudia aliona vimebadilishana mahali.

Karibu na alfajiri akapata ujanja. Hatasema sentensi hata moja. Watoto ndio watakaosema, yeye kazi yake kuitikia tu: vizuri, vizuri sana, mwingine. Akaona ameokoka.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye miwani, na viatu vyake havikutoa sauti. Hicho ndicho kilichomtisha zaidi mwalimu: aligeuka kutoka ubaoni akamkuta mtu ameshakaa dawati la nyuma kabisa, kama uyoga ulioota pale. Akajikaza, akamwinua mtoto aliyemwamini kuliko wote, binti mmoja waliyemwita Chiriku kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika, amtungie sentensi ya kungoja.

Chiriku akasimama wima. "I am waiting," akasema vizuri kabisa. Kisha akaweka mkono mdomoni, khhm, akamalizia, "my mother."

Mwalimu alidhani mtoto ana mafua. Akamwinua wa pili, sentensi ya kusikiliza. Naye akafika nyuma ya kitenzi, mkono mdomoni, khhm, akaendelea. Wa tatu hivyohivyo. Kwa kutapatapa akaliambia darasa lote liseme kwa pamoja, na darasa lote likakohoa kwa pamoja, mahali pamoja, kwa adabu, kila mtoto na kiganja chake mdomoni.

Hapo akaelewa. Mtoto haigi unachotaka akiige, anaiga vyote, na hawa amepanda nao tangu darasa la kwanza, Kiingereza chote wamekipata kwake. Wakiandika wanaandika kijineno. Wakisema wanakikohoa, maana ndivyo mwalimu wao anavyokisema. Utauliza aliwezaje kutowasikia siku zote hizo. Mwoga hasikii kitu ila moyo wake. Walipokohoa, naye alikuwa anakohoa, uso umeelekea ubaoni.

Mkaguzi alinyanyuka. Akaenda dirishani, akapitisha kidole kwenye ukingo, akakitazama. Akafungua madirisha yote, kisha akamwita mwalimu mkuu mlangoni na kuzungumza naye kwa sauti ya chini ambayo watoto wa mbele waliisikia vizuri sana. Alisema darasa hili lina maradhi ya kifua, na yanaonekana yametoka kwa mwalimu. Lifungwe leo hii, wazazi waitwe, watoto wapelekwe hospitali wakapimwe. Mwalimu mkuu, naye kashikwa na hofu, akasema ni kweli, mama huyu anaumwa siku nyingi, nimejitahidi mpaka chaki nimembadilishia.

Mwalimu Kifua alisikia vilevile, na sitaficha, alifurahi. Ameponea chupuchupu. Atapewa dawa, atapewa mapumziko, atarudi kazini na pole juu yake. Pumzi ikamshuka. Akageuka kuwaambia watoto wafungashe vitu vyao.

Hakuna aliyegusa daftari. Wengine walikuwa wamejishika vifua kwa mikono miwili, wanavisikiliza. Mmoja analia bila sauti. Chiriku akaja mpaka mezani.

"Mwalimu, tunaumwa?"

"Nani kakwambia?"

"Mama mkaguzi. Kasema twende hospitali." Akameza mate. "Mdogo wangu alikwenda hospitali na kifua. Hakurudi."

Mwalimu akamtazama machoni akaona kitu anachokijua. Alikuwa amekibeba tangu ukumbi ule wa chuoni, na sasa kimo ndani ya mtoto. Alitoka, akawakuta wale wawili kwenye ngazi, mwalimu mkuu ameshatoa simu ya kuwaita wazazi.

"Watoto hawaumwi, mama," akasema. "Wameniiga mimi. Na mimi siumwi."

Mkaguzi akavua miwani. "Sasa unakohoa nini?"

"Nakohoa nisichokijua."

Akaeleza yote, ameinamisha macho, akingoja kile kicheko cha ukumbini. Hakikuja. Mwalimu mkuu alirudisha simu mfukoni, na uso wake ulisema anaikumbuka ile chaki. Mkaguzi alivaa tena miwani, kisha akatoa hukumu bila kupandisha sauti. Kiingereza cha darasa la nne kinakwenda kwa mwalimu kijana wa darasa la tano. Yeye abaki na hesabu. Kipindi cha Kiingereza kikifika, akae dawati la nyuma ajifunze na watoto.

"Nitarudi mwisho wa muhula," akasema, "na nitakusimamisha wewe wa kwanza. Ukikohoa, unaondoka."

Jioni alimweleza mumewe. Mume alimtazama, mkono umefungwa bandeji, akasema, "Ndiyo maana. Nilikuwa najiuliza, kifua gani hiki chenye likizo ya usiku." Kisha akamwambia mficha uchi hazai, na akamsogezea chai.

Kesho yake Mwalimu Kifua alibanwa kwenye dawati la nyuma, magoti hayana pa kwenda, Chiriku ubavuni. Yule kijana aliona haya kumwita. Aliinua watoto wote akamruka. Chiriku akanyoosha mkono akasema kuna mtu hajasema.

Basi akasimama. Alipewa sentensi ya kusikiliza. "I am listening," akasema, na palepale mkono ukaanza kupanda wenyewe kwenda mdomoni. Vichwa vyote vilikuwa vimegeuka. Akaushusha mkono, akaukandamiza juu ya dawati, akakitamka kijineno kwa sauti, kila mtu akakisikia.

Hakikuwa chenyewe. Darasa likacheka, na wa kwanza alikuwa Chiriku, kisha huyohuyo Chiriku akajivuta karibu akamnong'oneza cha kweli. Mwalimu alikirudia, mkono bado umelala juu ya dawati.