Sahani Chini ya Kawa

Siku naanza kazi kantini ya Kurasini, jikoni tulikuwa wanne. Mama Tekla, msimamizi wetu, Mnyakyusa wa Tukuyu. Sesilia, wifi yake, mkuna nazi. Bi Mwanahawa, mzaliwa wa Temeke, mama mwenye nyumba wangu, ndiye aliyeniombea nafasi. Na mie Rehema, niliyeishia darasa la nne, sijawahi kupika wali wa kuzidi watu wa nyumbani.

Tulilisha makuli wa bandarini na madereva wa malori. Mama Tekla alinifundisha kupalia, yaani kuweka makaa juu ya mfuniko ili wali uive juu na chini. Nilipounguza sufuria la kwanza hakunigombeza. Aliukwangua ule ukoko akaula, akasema ndio anaoupenda.

Kabla ya kupakua, kila mtu alitakiwa aseme jema moja la asubuhi ile. Sesilia alikuwa anasema, "Langu, wifi hajanisema mpaka saa hizi." Tukishacheka, Mama Tekla anaomba, sala fupi tu. Halafu sahani ya kwanza, na kipande cha samaki, inafunikwa kawa na kuwekwa rafu ya mlangoni. Ni ya yeyote atakayefika hana kitu. Kawa yenyewe aliisuka Bi Mwanahawa, na yeye ni Mwislamu.

Meneja mpya alipokuja akauliza sahani ile ya nani.

"Ya anayekuja," Mama Tekla akamjibu.

"Nani huyo?"

"Bado hatujamjua, baba."

Meneja akasema hapa ni kantini, si kanisa, na huyo mtu asipokuja ataila yeye. Mama Tekla akamwambia akiwa na njaa, ni yake.

Kilichokuwa kinaniuma ni kwamba Mama Tekla mwenyewe hakukubali kupakuliwa. Alikula wa mwisho, amesimama. Siku anastaafu nikamlalamikia, akacheka. "Nitakuja siku moja kama mgeni, Rehema. Utanipakulia, nikae kwenye benchi kama bosi."

Nikaachiwa usimamizi na upawa. Kila nikifunika ile sahani nawaza, labda leo.

Akaja kweli. Ilikuwa alasiri, masufuria tumeshaosha, moto umezimika. Alikuwa anatoka Mwananyamala kumwona mgonjwa, viatu vimejaa vumbi. Nikakimbilia rafuni, nikafunua kawa. Sahani tupu. Utingo mmoja aliyeachwa na lori lake alikuwa ndio kwanza amemaliza kula, yuko pale mlangoni ananawa.

"Shikamoo, mama," akamwambia Mama Tekla.

"Marahaba, baba. Umeshiba?"

"Nimeshiba, Mungu awabariki."

Mama Tekla akanigeukia, mie nimesimama na kawa mkononi. "Si imemfikia mwenyewe? Sasa unalia nini?"

Nikataka kuwasha mkaa, akanishika mkono. Kesho yake alikuwa na safari ya Tukuyu, na mizigo hajafunga. Akanywa maji vikombe viwili, akaniombea, akaondoka. Huko Tukuyu akaugua, hakurudi. Habari za msiba aliniletea Sesilia.

Nami nimestaafu, magoti yamekataa. Kantini ilivunjwa, pale pamepangwa makontena. Naishi Chamazi kwa mwanangu, na sahani naifunika bado, ila nyumba ina geti na mitaa hii hakuna anayegonga. Jioni naila mwenyewe. Vijana wa kanisani wananiambia nilitenda alichonifundisha Mama Tekla, nisihuzunike. Najua yule utingo alikuwa na njaa, wala simnyimi. Lakini aliyenifundisha kupika hakuwahi kuonja chakula nilichompakulia kwa mkono wangu, na hilo sala haijaniondolea.

Sesilia, na nyie watoto wa Mama Tekla, kama nimekosea jina au jambo, nisahihisheni. Mie nakumbuka vikombe viwili vya maji. Kama siku ile alikuwa ameshakula huko alikotoka, tafadhali niambieni.